JIBU: Kuwapeleka watoto Bagamoyo na Kaole kwa siku moja

[Kutoka Sinza]

Habari zenu, Wakenya wenzangu wa Dar. Tumehamia hapa mwaka huu kutoka Kisumu na shule zimefungwa. Watoto wamechoka na maduka ya Mlimani City, na baba yao hawezi kupata zaidi ya siku moja ya mapumziko. Kuna mahali pa kale tunapoweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila gari? Mdogo ana miaka 6. Nasikia Bagamoyo ikitajwa, ila kila ninayemuuliza ananiambia ni hoteli na ufukwe tu.

[Kutoka Tegeta]

Dada, karibu sana Dar. Aliyekuambia Bagamoyo ni hoteli na ufukwe amekunyima kitu kikubwa. Nendeni, tena anzieni Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale.

Usafiri kwanza. Daladala za Bagamoyo mtazipata stendi ya Makumbusho, si mbali na kwenu. Ni kama kilomita 65, lakini hapa Dar safari haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa foleni. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mtaiwahi. Mkingoja saa tatu, Mwenge hadi Tegeta itawala nusu ya siku. Mkifika stendi ya Bagamoyo chukueni bajaji hadi Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Patana naye bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda, maana kule magofuni usafiri wa kurudi ni wa kubahatisha.

Kaole pana mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi ya mawe ya matumbawe. Msikiti wa zamani zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Chukueni mwongozaji wa pale pale, msizunguke wenyewe. Mwambie mdogo atafute nguzo za makaburi zenye vishimo vya mviringo: hapo ndipo yalipopachikwa mabakuli ya Kichina, yaliyoletwa na biashara ya bahari wakati huo. Mtoto akishaona kishimo kwa macho yake, habari za majahazi na pepo za kusi na kaskazi hazihitaji tena kulazimishwa. Kuna mbuyu mkubwa sana hapo, na kisima ambacho wenyeji bado wanakiheshimu. Watu huja kuomba dua kwenye baadhi ya makaburi, kwa hiyo beba kanga ya kujitanda na uwaambie watoto wasipande juu ya mawe.

Kama mmewahi kufika magofu ya Gede, au kuyaona makaburi ya nguzo pale Malindi, mtaona kwamba mko kwenu. Ni mafundi wa pwani moja. Mpaka wetu na Tanzania ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na mawe haya yalikuwa yameshasimama karne nyingi. Mimi naona hili ndilo jambo la kuwaambia watoto wetu wanaokulia hapa na kuulizwa shuleni kila siku wanatoka wapi.

Kutoka Kaole mtaona mikoko mitupu mbele yenu. Zamani bahari ilifika karibu zaidi. Tope na mikoko vikajaza, majahazi yakashindwa kusogea, biashara ikahamia Bagamoyo mjini.

Mjini nendeni Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868, na karibu nayo kulikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yake ni mazuri na hayachoshi. Mbuyu wa nje wa Misheni una mnyororo uliomezwa na gome. Kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia, na watoto hawabanduki hapo.

Hapo Misheni ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miezi 9 hivi kutoka Zambia ya leo. Nakuomba kwa dhati, usiishie kutaja jina la Livingstone peke yake. Watajie Susi na Chuma, walioongoza msafara ule, na Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik huko India, akaufuata mwili hadi London na kuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Shule ile ya Nasik ndiko walikosoma baadhi ya watu wa mwanzo wa Freretown ya Mombasa, makazi ya watu waliokombolewa utumwani, yaliyoanzishwa mwaka 1875. Ni historia yetu hiyo, na inapita hapa.

Boma la Wajerumani mtaliona mkipita. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu hadi mwaka 1891, wakahamia Dar kwa sababu ya bandari yenye kina. Kuleni kwenye soko la samaki, ufukweni. Pweza na samaki wa kukaanga wapo, na mkiwahi mtaona mnada.

[Kutoka Bunju]

Nakubaliana na kaka wa Tegeta kwa yote, ila amesahau mto. Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji, na misafara mingi ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, ule wa mwaka 1871 wa Stanley, aliyekwenda kumtafuta Livingstone, ukiwemo, ililazimika kuuvuka kwanza. Wakati huo uliitwa Kingani. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walivuka mto huo huo kuja pwani. Na maji unayochota Sinza leo kwa sehemu kubwa ni ya Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini uko wilaya hiyo hiyo ya Bagamoyo. Watoto wangu hawakuamini mpaka nilipowaonyesha kwenye ramani.

Boti za kwenda mlangoni mwa mto zinapatikana, mtaona mikoko, ndege na viboko. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 mimi ningesubiri. Mamba wamo, na safari inategemea maji kujaa. Maji yakipwa mnakwama kwenye tope juani. Mkiamua kwenda, msipande boti isiyo na jaketi za kuokolea za saizi ya mtoto, hata nahodha akicheka.

Pia beba pasi zenu na vibali vya ukaazi, nakala hazitoshi kila mahali. Viingilio vya raia na vya wageni hutofautiana, na ukishindwa kuonyesha hati utatozwa kile cha juu. Maeneo ya serikali mara nyingi hulipiwa kwa kontro namba (namba ya malipo unayopewa, unailipia kwa simu), kwa hiyo weka pesa kwenye laini ya Tanzania kabla hujaondoka. Ile ya Safaricom haitakusaidia getini. Taslimu ni ya bajaji na samaki. Masika msijaribu, njia za Kaole huwa tope.

[Kutoka Sinza]

Asanteni sana kaka zangu. Tunakwenda Jumamosi hii, bila boti. Tukifika familia nne tunaweza kukodi Coaster moja, ipitie Mwenge na Tegeta kuchukua watu. Anayetaka kuja aandike hapa kabla ya Alhamisi jioni, ataje idadi ya watoto.