Thomas Hancock na utajiri wa mpira: akili yake au alimuibia Goodyear?

kijana_wa_boda: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa kijiweni anabisha eti Goodyear wa matairi ndo tajiri wa kwanza wa mpira duniani, mi nilisoma mahali kuna Mwingereza anaitwa Thomas Hancock alikuwa na kiwanda kabla yake. Nani mkweli? Na huyo Hancock hela alitoa wapi?

fundi_pancha: Jamaa yako kachapia. Charles Goodyear alikufa 1860 akiwa na madeni kama dola 200,000. Ile kampuni ilianzishwa 1898 kule Akron na Frank Seiberling, walichukua tu jina kumuenzi, familia yake haimo.

Hancock alikuwa fundi wa magari ya farasi London, 1820 akasajili mambo ya kuweka mpira kwenye glovu na mikanda ya suruali ili vivutike. Sasa mpira enzi hizo ulikuja toka Amerika Kusini ukiwa na umbo la chupa, anakata vipande anavyotaka, mabaki kibao yanalala tu na ile ni hela. Akaona sehemu iliyokatwa muda huohuo inashikana na mwenzake ila ngozi ya nje haishiki (ndo maana sisi tukiziba tubu lazima tuikwangue kwanza). Basi akaunda pipa lenye meno ndani, lengo liyachanechane mabaki, kuja kufungua anakuta donge moja, laini, la moto! Utajiri ulianzia hapo. Mashine hakuisajili mpaka 1837, wafanyakazi waliapishwa wasiseme kitu.

mbishi_asilia: Msimpambe sana huyo. Goodyear aligundua kupika mpira na salfa 1839, sampuli zikafika Uingereza, 1842 Hancock akaipata moja ina vumbi la salfa juu kabisa linaonekana. Novemba 1843 kaenda kusajili, Goodyear anakuja na maombi yake wiki chache baadae kakuta mwana si wake. Huo si wizi?

fundi_pancha: Sampuli haikuja na maelekezo mkuu, jamaa alijifungia na kujaribu weee mpaka ikajibu. Na kesi ilienda mahakamani 1855, Hancock akashinda. Ila kiroho safi hata mi naona alimuwahi tu mwenzake, bila ile sampuli sijui. Afu hela alishaanza kuzipata kabla, alishirikiana na Macintosh wa Manchester kwenye makoti ya mvua. Yalikuwa yananuka hayo, jua likiwaka yananata, baridi ikija yanakakamaa kama ubao, salfa ndo ikayatibu.

kijana_wa_boda: Nimemsomea yote, anasema basi wa kwanza ni Dunlop 😂

fundi_pancha: Mwambie atulie. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo Belfast, tairi lake la upepo kasajili 1888, Hancock keshakufa tangu 1865. Kampuni ya Dunlop ndo ilikuja kuinunua ile ya Macintosh, 1925.