Naomba ushauri: nina van tu, nataka kujitafutia mizigo mwenyewe

Wakuu, salaam. Niko Marekani, naendesha van ya mizigo ya haraka, zile paleti mbili tatu ambazo zisipofika leo kiwanda kinasimama. Kwa sasa niko chini ya kampuni inayonitafutia mizigo na kukata chake. Nataka nijitegemee.

Kibali cha FMCSA, mamlaka ya serikali inayosimamia wasafirishaji wa barabarani, nimeshaanza kukifuatilia. Kwa gari dogo kama langu sheria inadai bima ya dola 300,000, ila madalali wengi wa mizigo wanataka ya milioni moja, na kuna wanaosikia kibali ni kipya tu, simu imekatwa! Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mizigo yenyewe. DAT na Truckstop, zile tovuti za kutafutia mizigo, naona imejaa ya malori makubwa. Ya van ikitokea, ukipiga imeshachukuliwa.

Mliotangulia, wateja wa kwanza mliwapataje? Kwenda viwandani kumuona anayepanga usafirishaji kunasaidia, au mtu unaishia kwa mlinzi getini? Na ukishusha mahali pakavu, pasipo na mizigo ya kubeba, unasubiri au unarudi bila mzigo? Hizo maili za kurudi mnaziingiza kwenye bei, au dalali anakimbia?