Wakuu naombeni ushauri: Charger ya 1969, kamshafti ipi na difu ipi kwa robo maili na kwa barabarani?

Ngurumo69:
Wakuu salaam. Nina Dodge Charger ya mwaka 1969, gia boksi otomatiki TorqueFlite 727. Jumamosi nataka nikimbize robo maili uwanjani, Jumatatu niende nalo kazini. Kuna injini 440 (inchi za ujazo) inajengwa, nusu ya hela nimeshalipa. Maswali yangu ni mawili tu: kamshafti, ile shafti ya kufungulia vali, iwe kali kiasi gani, na difu nifunge 3.91 au 4.10? Wiki ya tatu hii silali vizuri. Tafadhali tusitoke nje ya mada.

NB: Kioo cha mbele kimepasuka tena, hiki ni cha pili. Hilo si la leo.

Mzee wa Kabureta:
Kamshafti baadaye. Kabureta gani? Vijana mnakimbilia kompyuta ya kupuliza mafuta, ikizima unakaa pembeni ya barabara unaitazama kama mgonjwa asiyesema panapouma. Kabureta ya koo nne unafungua na bisibisi, unasafisha, unaondoka. Mimi nilikuwa na gari la injini 383, asubuhi nikiiwasha naijua kwa harufu tu kama inakula mafuta mengi au kidogo. Nilikuja kuiuza, na kosa hilo sijajisamehe mpaka leo.

Ngurumo69:
Shikamoo mzee. Kabureta ipo. Naulizia kamshafti na difu.

Spana17:
Mkuu, hesabu ya difu hii hapa. Namba yake ni mara ngapi propela inazunguka kwa mzunguko mmoja wa tairi. 727 gia ya mwisho ni moja kwa moja, haina gia ya kupumzisha injini. Kwa tairi la kipenyo cha inchi 27 na difu 4.10, ukiwa 100 km/h injini inazunguka zaidi ya mara 3,100 kwa dakika. Ukiwa na 3.23 ni kama 2,500. Uwanjani 4.10 ni raha tupu. Kwenda nayo kazini kila siku ni adhabu. Nilikaa nayo miezi minane, mwisho wife akawa anaongea na mimi kwa ishara za mikono ndani ya gari. Hata tulipofika nyumbani hakuacha.

Kisoda:
Huyo alikuwa na lake jambo Spana, usiisingizie difu 😂😂

NjiaPanda:
Kwa nini mtu mzima ashindane na saa? Mita 402, sekunde kumi na kitu, halafu unageuza unarudi ulikotoka. Hela hiyo ingesomesha mtoto.

Ngurumo69:
Sina mtoto.

NjiaPanda:
Na kwa mwendo huo hutampata.

Bibi Pistoni:
Mwanangu Ngurumo, ngoja nikujibu la kamshafti maana naona wote wanalikwepa. Kamshafti kali inazichelewesha vali kufunga. Mizunguko ikiwa juu nguvu unaipata, lakini injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta inatetemeka na mvuto wa hewa kwenye manifoldi unashuka. Buta ya breki, inayokusaidia kukanyaga pedali, inategemea mvuto huo huo. Mimi niliwahi kufunga kamshafti ya kujionyesha, nikafika kwenye makutano, nikakanyaga pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Gari lilisimama, ila lilisimamia pale lilipotaka lenyewe. Kwa gari la kazini chukua ya wastani, halafu hakikisha konveta yako, ile inayounganisha injini na gia boksi, inaendana nayo, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

Sasa nijibu na wewe. Hicho kioo kilipigwa na jiwe?

Ngurumo69:
Asante mama. Hapana, hakijapigwa na kitu. Ila kioo hakihusiani na kamshafti.

Bibi Pistoni:
Ufa unaanzia wapi?

Ngurumo69:
Kona ya chini, upande wa dereva. Unatokea nikikanyaga mafuta yote kwa mpigo kuondoka. Na milango inabana kidogo baada ya hapo. Ikikaa usiku mzima inarudi.

Spana17:
Milango inabana??? Bodi imeoza kwa kutu?

Ngurumo69:
Kutu hakuna hata chembe. Gari ni la wazi tu, na magari ya wazi ndivyo yalivyo.

Robo Maili:
Nilikuwa nasoma kimya, sasa nimechoka. Hii ni CHAI. Dodge hawakutoa Charger ya wazi kiwandani mwaka 1969. Ukitaka ya wazi ya mwaka huo kuna Coronet na Dart. Mleta uzi kaona picha mahali akaja kutupima akili.

Kisoda:
Ndiyo maana kioo kinapasuka, hakipo 😂

Mzee wa Kabureta:
Na mimi nilishangaa hataki kutaja kabureta.

Ngurumo69:
Nina faida gani ya kudanganya watu nisiowajua?

Robo Maili:
Rahisi. Kwenye dashibodi, upande wa dereva, kuna kibati cha namba unachokiona kupitia kioo. Andika herufi tano za mwanzo. Na usitafute mtandaoni, nahesabu dakika.

Ngurumo69:
XP29F.

Robo Maili:
Haya. X na P ni Charger ya kawaida, R/T, ile ya mwendo kasi, ingekuwa XS. 29 ni gari la paa gumu, la wazi lingekuwa 27. F kwa mwaka huo ni injini 318. Kwa hiyo gari hilo lilizaliwa na paa. Paa liko wapi?

*(saa nne baadaye)*

Ngurumo69:
Nilikata.

Kabla hamjanirukia: nilikuwa na fundi mzoefu, akaniambia chini kuna chuma cha kutosha. Likapendeza sana, kila mtu anageuka kulitazama. Na paa nalo ni uzito, likitoka gari linakuwa jepesi, si ndicho wanachotaka wa robo maili? Injini haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo tuendelee na mada.

Spana17:
Uwiiii.

Bibi Pistoni:
Mada ndiyo hii hii, mwanangu. Charger haina chasisi inayojitegemea kama lori. Reli za mbele zinashika injini, reli za nyuma zinashika springi za majani, na katikati zinaunganishwa na sakafu, vizingiti vya milango na paa. Ukikata paa bila kuongeza kitu chini, katikati panabaki sakafu ya bati na vizingiti. 440 Magnum kiwandani iliandikwa nguvu farasi 375, na yako naamini umeagiza zaidi ya hapo. Na 318 yako ndiyo inayopasua vioo sasa hivi!

Kachomelee vyuma vya kuunganisha reli za mbele na za nyuma, pande zote mbili, uimarishe vizingiti, halafu fremu ya mabomba iliyoshikwa kwenye vyuma hivyo. Si kwenye bati la sakafu. Uwanjani watakudai hata hivyo: kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi kule Marekani, gari la paa gumu linatakiwa tao la bomba nyuma ya dereva likifikia sekunde 11.49, la wazi kuanzia 13.49. Hiyo 440 haitachelewa kufika huko.

Ngurumo69:
Fremu ya mabomba itaharibu muonekano.

NjiaPanda:
Muonekano wa nani, wako au wa jeneza?

Robo Maili:
Naondoa neno chai, nabaki na wasiwasi. Fanya jaribio. Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu manne, pima uwazi wa juu kati ya mlango na bodi ya nyuma. Kisha inua kona moja ya mbele kwa jeki hadi tairi liache ardhi, weka stendi, pima tena. Lete namba.

Mzee wa Kabureta:
Na jina la kabureta.

*(kesho yake)*

Ngurumo69:
Nimepima. Limesimama: milimita 6. Jeki ikiwa chini yake: milimita 2, halafu mlango wa dereva ukagoma kufunguka kabisa. Simu ilikuwa kwenye kiti, nimeingilia juu kuichukua.

Jamaa wa injini kapiga muda huu, anasema anaileta Alhamisi. Nimwambie ngapi, 3.91?

Bibi Pistoni:
Mwambie aiache kwenye stendi.

Kisoda:
Lakini wakuu tuwe wakweli, kama lingekuwa na paa hiyo simu angeichukuaje?