Tupeane uzoefu: usiku majitaka yalipoingia nyumbani

Mkaazi_Manyatta
Wadau, leo nimepita Kibuye hapa Kisumu nikakuta wamefunga nusu ya barabara, wanachimba bomba la majitaka lililopasuka. Ile harufu imenirudisha kwa mvua za Aprili fulani. Tuliamka saa tisa usiku, maji meusi yako chini ya kitanda, yanatoka chooni na yanazidi kupanda. Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni. Nilimnyakua amelowa hadi shingoni. Wiki mbili nzima nilimwogesha kwa maji ya dawa na bado niliona kama ananuka. Nani mwingine yamemkuta?

MamaMboga
Yamenikuta. Sukuma ya siku nzima nilitupa.

FundiRodi
Mvua ikinyesha yanarudi kwa sababu nyumba nyingi zimeelekeza maji ya paa kwenye shimo la majitaka. Bomba la inchi 6 liliwekwa kwa ajili ya choo na jikoni, si la kubeba maji ya mabati ya ploti nzima. Halafu huu udongo wetu mweusi: kiangazi unapasuka, mvua ikija unafura, maungio ya bomba yanaachana na mchanga unaingia. Tukiitwa kuzibua tunatoa pampasi, matambara, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda kama sabuni.

MwenyePloti_Nyalenda
Msitulaumu sisi. Maji ya paa niyapeleke wapi na mtaro hakuna?

Mpangaji254
Mzee, kwa heshima zote, kodi unakusanya kila tarehe 5. Chimba mtaro.

MwenyePloti_Nyalenda
Hunijui, kijana. Usinihesabie hela.

KibaruaZamani
Acheni hayo kidogo. Hili sijawahi kuliandika popote.

Nilikuwa kibarua. Tuliitwa usiku kwa dharura, bomba kuu limeziba na vyoo vya mtaa mzima vinarudisha. Msimamizi hakuja na kipima hewa, wala feni, wala mshipi wa kumfunga mtu. Alikuja na tochi na rodi. Tulipoinua kifuniko harufu ya mayai viza ilitupiga usoni, kisha baada ya muda mfupi nikawa siisikii. Nikadhani hewa imesafika. Kumbe ile gesi ikizidi huua pua kwanza.

Mwenzangu akashuka. Akasema, "Lete rodi." Akaanza kusema kitu kingine, hakukimaliza. Nikasikia maji, chubwi. Wa pili akaruka kumfuata kabla sijamshika. Mimi nami nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai pale alinikamata kiunoni akapiga yowe: "Huyu hashuki!" Nilimtukana. Nilimpiga kiwiko. Hakuniachia. Watu wakaja na kamba na ndoano ya kisima. Wa pili tulimtoa akihema. Wa kwanza tulimtoa amekwisha. Alikuwa na miaka 23, na malipo ya usiku huo yalikuwa shilingi 600.

MamaMboga
Pole sana, baba. Huyo mama Mungu ampe maisha marefu.

Mpangaji254
Nimesoma mara mbili. Pole, ndugu yangu. Mzee wa ploti, nawe nisamehe.

Nakuru_Section58
Pole. Sisi Nakuru kila Jumamosi tunamwaga maji moto na magadi, hatujaziba miaka mingi. Tena majitaka yetu yakishasafishwa huishia Ziwa Nakuru, na lile ziwa halina mto wa kuyatoa. Tukizembea, wale ndege heroe ndio wanaoumia.

FundiRodi
Magadi hayafiki bomba kuu. Maji moto yanayeyusha mafuta yakagande mbele, kwa jirani. Mafuta yafungeni kwenye karatasi, tupeni na taka.

Nakuru_Section58
Kwangu yanafanya kazi, fundi. Siachi.

Muuguzi_Kondele
Mimi naogopa maji ya mfereji. Bomba la maji safi na la majitaka mara nyingi yanapita mtaro mmoja. Maji yakikatwa presha inashuka, na uchafu unafyonzwa ndani kupitia ufa. Yakirudi, mwageni ya mwanzo, na ya kunywa yachemsheni yatokote. Mtoto akiharisha maji kama ya mchele, usingoje kupambazuke: mpe maji ya chumvichumvi za pakiti, mkiwa njiani kwenda hospitali.

KibaruaZamani
Mkaazi, hapo Kibuye leo uliona mtu ameshuka shimoni?

Mkaazi_Manyatta
Kijana mmoja alikuwa ndani hadi kifuani. Mwingine amechuchumaa juu anampa ndoo.

KibaruaZamani
Amefungwa kamba?

Mkaazi_Manyatta
Kamba sikuiona.

KibaruaZamani
Ni upande gani hasa? Niko Kondele.

Mkaazi_Manyatta
Upande wa wauza mitumba. Pampu utaisikia kutoka mbali.

KibaruaZamani
Nachukua boda sasa hivi.