Mjadala: Bo Diddley aliibiwa, au mdundo hauna mwenyewe?

Rithimu1955: Wakuu, Bo Diddley, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alirekodi Chicago mwaka 1955, chini ya lebo ya Checker, wimbo wenye jina lake. Mwaka 1957 Buddy Holly akatoa "Not Fade Away" kwa mdundo uleule, 1964 Rolling Stones wakaurudia. Sheria ya Marekani inalinda melodi na maneno, mdundo mtupu haulindwi. Mimi nasema aliibiwa.

Mkosoaji: Aibiwe nini? Huo ni mdundo wa hambone, watu weusi walikuwa wanaupiga kwenye mapaja na kifua kabla hajazaliwa. Halafu mtu wa kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) moja wimbo mzima ndiyo mnamwita mpiga gitaa?

Fundi Ampli: Kodi moja?! Shika gitaa basi. Kaza waya: wa 5 toka noti A panda B, wa 4 toka D panda E, wa 3 toka G panda G kali (G sharp). Ukipiga wazi, bila kubonyeza, unapata kodi ya E nzima. Laza kidole kimoja freti (kile kipande cha chuma shingoni) ya 5 ni A, ya 7 ni B. Mkono wa kushoto unapumzika ili wa kulia ufanye kazi, na kazi yenyewe iko kulia.

Mkosoaji: Waya zilizochoka zitakatika kwa kupandishwa hivyo.

Fundi Ampli: Basi shusha: wa 6 D, wa 3 F kali, wa 2 A, wa 1 D. Funga kapo (kibanio cha kubana waya zote shingoni) freti ya 2, umerudi E ileile na shingo haivutwi.

Tumba na Besi: Mnazunguka tu. Hesabu 16, gonga 1, 4, 7, 11, 13. Hiyo ni klave ya Kuba, yaani mpangilio wa midundo mitano, ndiyo iliyo kwenye rumba ya Kongo. Bo ni rumba yenye ampli.

Rithimu1955: Aa, hapo umekosea mkuu! Kwenye rumba klave inagongwa peke yake, magitaa yanasuka juu yake. Kwa Bo gitaa ndilo klave: mkono unashuka na kupanda bila kusimama, kiganja kinaziba waya, unaachia kwenye zile tano tu. Mapengo anajaza Jerome Green na makayamba. Ukisimamisha mkono kati ya 7 na 11, umekwisha.

Tumba na Besi: Kwa hiyo hesabu ni ileile. Asante.

Fundi Ampli: Na ile sauti ya gitaa la Bo inayotetemeka mbona hamjaitaja? Kile ni kiboksi cha DeArmond: mota inatikisa kichupa cha kimiminika, sauti inakatika na kurudi. Kimiminika kikikauka, mtetemo unakufa. Kasi yake isipoendana na ngoma, wimbo wote unayumba.

Mkosoaji: Mbwembwe. Huyo si ndiye alifukuzwa kwenye kipindi cha TV cha Ed Sullivan 1956 kwa ubishi?

Rithimu1955: Umechanganya madesa. Ni tarehe 20 Novemba 1955. Walitarajia "Sixteen Tons", yeye akapiga wimbo wake.

Dada Santuri: Mnayemlilia aliujua mchezo. "Love Is Strange" ya Mickey na Sylvia, 1956, ni kazi yake, lakini aliiandikisha kwa jina la mkewe, Ethel Smith, kwa sababu ya mvutano na wachapishaji.

Rithimu1955: Dada, mtu akifikia kujificha nyuma ya mkewe, huo ndio ushahidi wangu.

Mkosoaji: Kapo ni ya wavivu.

Fundi Ampli: Bo mwenyewe alifunga kapo. Mwambie yeye.