Mrejesho: ile ngoma ya Kijapani yenye misumari

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kama ile ngoma nene ya Kijapani, nagado-daiko, huungwa kwa vipande vya mbao kama pipa, na kama ngozi ikilegea huwa wanaikaza. Asanteni kwa majibu. Nimefuatilia zaidi.

Aliyebisha kwamba haiungwi kama pipa alikuwa sahihi. Ile ya asili ni gogo moja, hasa la mti uitwao keyaki, linachimbwa ndani kisha linaachwa likauke kwa miaka kabla ya kumaliziwa. Za pipa zipo, ila ni njia ya kupunguza gharama. Kilichonishangaza ni kwamba mafundi wengine huchonga mikato kama gamba la kobe ndani ya mzinga, mahali ambapo mpigaji hapaoni kabisa! Wanasema inasaidia sauti.

Kuwamba sasa. Ngozi ya ng'ombe inavutwa kwa kamba na jeki, watu wanapanda juu kuikanyaga, ndipo inapigiliwa misumari. Ikishapigiliwa hakuna kukaza tena. Sisi ngoma ikilegea tunaipasha moto, yamekwisha. Inayokazwa kwa kamba ni ile ndogo, shime-daiko.

Na zile alama tatu zinazochorwa kwenye ngoma hizi, zinazozunguka kama mikia ya viluwiluwi, huitwa mitsudomoe. Kwenye ngoma kubwa za muziki wa kasri, ambazo huwekwa mbili mbili, ya kushoto huwa na alama tatu na joka, ya kulia alama mbili na ndege finiksi. Mimi nilidhani ni nembo ya kiwanda.