Naomba ushauri: wimbo wa Pangloss umekuwa mtamu kupita kiasi

Mtunzi wa Kinondoni: Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu kinaigeuza Candide, riwaya ya tashtiti ya Voltaire ya mwaka 1759, kuwa mchezo wa nyimbo kwa Kiswahili. Tatizo ni mwalimu Pangloss, anayemfundisha kijana Candide kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko dunia zote ziwezazo kuwepo. Kitabuni tunamcheka kwa sababu vita, kaswende na tetemeko la Lisbon la 1755 vinasimuliwa kwa sauti ileile kavu. Lakini tulipompa wimbo wa taarab, wenye udi na fidla, waliokuja kututazama mazoezini Jumamosi walimtunza hadi noti ikabandikwa kwenye kipaji cha uso, wala hakuna aliyecheka. Niufute wimbo, au niongeze msimulizi?

Malenga wa Temeke: Msimulizi wa nini? Mpe ngonjera. Humo mna mwalimu ajuaye yote na mwanafunzi anayebisha kisha akaridhika, na ndiyo maana ilitumika sana kueneza siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Sisi tuliozikariri shuleni, mikono nyuma, tutamtambua Pangloss kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kibwagizo kisibadilike hata neno: kwanza akiimbe akiwa na kanzu safi, halafu akiwa amepoteza jicho na sikio kwa kaswende, na mwisho akiwa amenusurika kunyongwa, kamba ingali shingoni.

Mzee wa Ilala: Naunga mkono, ila tazameni na urefu. Muziki ambao Mmarekani Leonard Bernstein aliutungia mchezo wa nyimbo wa Candide ulisifiwa mwaka 1956, lakini mchezo ule ulifungwa New York baada ya maonyesho 73. Mwongozaji Harold Prince alipourudisha huko, kwenye kumbi za Broadway, mwaka 1974, hadithi na mazungumzo yakiwa yameandikwa upya na Hugh Wheeler na kufupishwa, ulipita maonyesho 700.

Binti Bagamoyo: Mtumwa ambaye Candide anamkuta Suriname, aliyekatwa mkono na mguu ili Ulaya ile sukari, asiimbe kabisa. Ngoma zinyamaze, aseme tu. Huku pwani jambo hilo si la kuchezewa.

Mtunzi wa Kinondoni: Dada, nakiri nilikuwa nimempangia chakacha, nimeifuta. Mzee wangu, tulikuwa na saa tatu na dakika kumi, kwa hiyo sura ya Paris imeondoka yote. Ngonjera tunaijaribu Alhamisi. Mchezaji wa Pangloss amekubali, ila anauliza kama ataendelea kutunzwa.